Baridi ya Mlimani na Jiko la Makaa

Sogeeni karibu na redio, na mwenye daftari alifungue. Somo letu la leo ni safari ya kupiga hema mlimani wakati wa kipupwe. Tunalisema hasa kwa wenzetu wa Kizimkazi, kwa sababu mtu aliyekulia pwani huijua sana bahari, lakini baridi huenda hajaonana nayo.

Tuchukue mfano. Vijana watano wa Kizimkazi, marafiki, wameona kusi imechafua bahari na mashua zimelala ufukweni. Wakashauriana kwenda kutazama Ngorongoro mwezi wa Julai. Watavuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, watapanda basi mpaka Arusha, na huko watakodi motokaa ambayo injini yake huyazungusha magurudumu yote manne. Usiku watalala katika hema juu ya ukingo wa lile bonde kubwa la volkeno. Je, wajue nini kabla ya kufunga mizigo?

Jambo la kwanza ni baridi yenyewe. Mtu atauliza: "Mlimani si karibu zaidi na jua? Mbona kuna baridi?" Jawabu ni hili. Jua huipasha moto ardhi na bahari kwanza, kisha hivyo ndivyo vinavyoipasha hewa. Hewa hiyo ikipanda juu hutanuka, na hewa inayotanuka hupoa. Bonyezeni ulimi wa mpira wa baiskeli uliojaa: hewa inayotoka ni baridi kwenye kidole. Kwa kadiri, kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 au zaidi kidogo. Ukingo wa Ngorongoro u juu kiasi cha mita 2,300. Basi, kama usiku Kizimkazi ni nyuzi 21, toeni 14, hubaki 7. Usiku usio na mawingu baridi huweza kuzidi hapo, kwa kuwa ardhi hupoteza joto lake upesi, wala hakuna bahari ya karibu ya kulihifadhi.

Tena ile kusi mnayoijua ninyi huwafuata wasafiri huko huko. Hubeba unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na ikigonga milima hupanda, hupoa, na kuwa mawingu na ukungu. Ndiyo sababu asubuhi nyingi za kipupwe ukingo hufunikwa, hema likalowa kama lililonyeshewa.

Jambo la pili ni motokaa. Magurudumu manne yanayovuta husaidia kutoka katika tope na kupanda mteremko, hayasaidii kusimama. Chini ya bonde ni kiasi cha mita 600 kutoka ukingoni, na njia ya kushukia ya Seneto ni kali. Dereva mwenye busara hutia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, akaiacha injini izuie gari. Akikanyaga breki mfululizo zitashika moto, na breki iliyoshika moto hukataa kazi. Kadhalika tope: magurudumu yote yatiwe kazini kabla ya kuliingia, si baada ya kukwama.

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Vijana wetu wamekula, ukungu umeshuka, meno yanagongana. Mmoja anasema: "Tulitie jiko ndani ya hema. Makaa yameshaiva, hayana moshi." Jamani, neno hilo limeua watu!

Makaa yanayowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mnajua kuwa damu yetu huchukua oksijeni kutoka mapafuni. Sumu hii huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata nafasi ya oksijeni ikakosekana. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea. Aliyelala huenda asiamke tena. Kutokuwapo kwa moshi si dalili ya usalama.

Mtasema: "Mbona nyumbani tunapika kwa makaa kila siku?" Ni kweli, lakini jiko huwa uani, au chini ya paa la makuti linalopitisha upepo. Hema limefungwa pande zote, na likilowa hewa hupita kwa shida zaidi. Basi jiko lisiingie hemani, hata kama ni majivu yenye kaa moja. Wala msilale ndani ya motokaa yenye injini inayonguruma ili kupata joto, maana moshi wake una sumu ile ile.

Mtapataje joto? Tandikeni mkeka mzito au godoro, kwani baridi nyingi hutoka ardhini. Badilini nguo zilizolowa kabla ya kulala. Vaeni kofia na soksi, na kila mtu awe na mablanketi mawili. Tieni maji ya moto katika chupa yenye kifuniko imara, mkaifunge kwa kitambaa na kulala nayo. Kuleni mkashiba. Na mwenzenu akilalamika kichwa mahali palipokuwa na moto, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja, waamsheni wote, kisha mpelekeni kwa daktari.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kama Kizimkazi ni nyuzi 22, mahali penye mita 1,000 pana nyuzi ngapi?
2. Kwa nini gia ndogo itiwe kabla ya kushuka?
3. Mwenzako anasema makaa yasiyo na moshi hayadhuru. Utamjibu nini?

Swali la tatu msilifunge daftarini. Lipelekeni nyumbani, kwa maana usiku wa mvua jiko huingizwa chumbani hata hapa Unguja. Kwa herini.