Asiposana, Huvukuta

Methali ya mtoto wa mhunzi, kwamba asiposana huvukuta, tumezoea kuitumia kumpoza asiyefikia kimo cha baba yake. Hodari kashika nyundo, huyu mwingine naye kapata cha kushika. Ukiwatazama wahunzi wa Upare na Uchagani kazini, tafsiri hiyo haikai. Usalama wa chuma, na wa kila aliyemo kiwandani, uko mikononi mwa yule aliyechuchumaa nyuma ya moto.

Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, ndiko Wachagga walikopata chuma chao zamani. Watu walizoa mchanga mweusi mitoni na kuuyeyusha kwa makaa ya miti. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wa Washana, na mwanahistoria Isaria Kimambo ameeleza kuwa Washana hao ndio waliotawala Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Uchagani, wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, wanafua hadi leo: mikuki, visu na majembe, siku hizi kwa vyuma chakavu.

Mivukuto ya jadi ni viriba viwili vya ngozi ya mbuzi. Mdomo wa nyuma wa kila kiriba una vijiti viwili, nao hufunguka na kufumba kwa kiganja. Mvukutaji akiinua, hufungua ili hewa iingie. Akishusha, hufumba na kukandamiza, pumzi ikaenda motoni. Mkono huu ukipanda, ule unashuka. Ni kazi ya kuchosha mabega, lakini ugumu wake hasa uko kwenye vidole. Akiinua huku amefumba, kiriba kitavuta kutoka mbele, na huko mbele ni makaa yanayowaka. Ngozi huanza kuungua kwa ndani kabla mtu hajasikia harufu. Ndiyo sababu ncha za viriba haziingizwi zikakaza kwenye bomba la udongo linalopeleka hewa motoni. Huachwa mwanya kidogo, ili kiriba kikikosea kivute hewa ya nje badala ya moto.

Mtoto hujifunza hayo kabla hajaruhusiwa kugusa nyundo, na hujifunza pia kusoma rangi. Kiwanda hufunikwa kikawa na kivuli kizito kwa sababu juani chuma cha moto hufanana na cha baridi, na hapo ndipo watu huungua viganja. Chuma chenye rangi ya damu ya mzee bado. Kikifika rangi ya chungwa, kipigwe. Kikianza kurusha cheche nyeupe kinaungua, na chuma kilichoungua hakiponi tena. Mvukutaji anayejua kazi hupunguza pumzi bila kuambiwa. Moto wenyewe haukuzwi kuliko kazi iliyopo: pembeni hunyunyiziwa maji ili ubaki katikati, na mkaa uliolowa huwekwa kando kwa sababu hupasuka na kurusha vipande.

Mchungaji Mjerumani Bruno Gutmann, aliyeishi na Wachagga, aliandika mwaka 1912 jinsi mhunzi alivyoheshimiwa na kuogopwa. Nyundo yake iliweza kumlaani mwizi. Wazazi walisita kumwoza binti yao kwa mhunzi kwa sababu talaka ilikuwa hatari: ilibidi mume ampake mkewe siagi mbele ya mama mtu na kumkabidhi fimbo, ndipo amwache. Wako wanaosema miiko ya namna hii ilikuwa kanuni za usalama zilizovikwa vazi la mizimu. Siamini. Siagi ile haikumkinga mtu na cheche. Ililinda heshima ya ukoo na siri ya kazi. Usalama ulikuwa na mafunzo yake, na wala hayakuhitaji mizimu: ni miaka ya kuvukuta chini ya jicho la baba.

Vyuma chakavu vimeleta hatari ambazo wazee wa Ugweno hawakuwa nazo. Springi ya lori haina neno. Bomba lililozibwa pande zote mbili likitiwa motoni hulipuka. Bati lenye zinki hutoa moshi mweupe, na aliyeuvuta anaweza kutetemeka kwa homa usiku huohuo. Banda likizungushiwa mabati bila tundu la juu, hewa ya sumu ya mkaa hujaa humo bila harufu.

Viriba navyo vinatoweka. Penye gurudumu la baiskeli linalozungusha feni kuna kijana bado, na akiacha kuzungusha moto unatulia. Penye feni ya umeme, mhunzi hufua peke yake akiwa ameupa moto mgongo, nayo inaendelea kupuliza hata akiitwa nje na mteja. Swichi basi iwe karibu na fuawe, pale mkono unapofika bila kuachia koleo; katika mabanda mengi imefungwa mlangoni.