Betri ikihamia buti, chunga waya kuliko betri

Tuseme una Subaru Impreza ya zamani, iko kwa fundi wako hapo Nkubu, na wewe na mbogi yako mshaamua: betri itoke mbele, iende buti. Mmeona magari ya rali yamefanyiwa hivyo. Fundi naye amewaambia ni kazi ya nusu siku. Na ni kweli, betri yenyewe huhama kwa nusu siku. Shida ni waya unaoifuata.

Hebu fikiria. Betri ikiwa pale ilipowekwa na kiwanda, kebo nene inayoenda kwa stata ni fupi. Ukiipeleka buti, unavuta kebo ya mita nne au tano inayopita kando ya kiti chako, karibu na bomba la petroli, ikigusana na bodi kila hatua. Na bodi yote ya gari ni upande hasi wa betri. Kebo hiyo haizimwi na ufunguo. Iko hai usiku na mchana, gari likiwaka au likiwa limelala. Ganda lake likichubuka mahali pamoja tu na shaba igusane na chuma, zaidi ya ampea 1,000 zinapita kwa mkupuo. Kebo inaweza kuwa nyekundu kama koili ya jiko kabla hujajua spana iko wapi. Na wewe uko hapo juu, umefungwa mikanda.

Basi mbona watu huhamisha? Ziko sababu nzuri. Injini ya Subaru imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hivyo pua ya gari ni nzito. Betri ya kawaida ina kilo 15 au zaidi, na kilo hizo zikienda nyuma gari linageuka vizuri kidogo. Pia unapata nafasi ya mabomba ya tabo, betri inaepuka joto la injini, na ukigonga kwa mbele haipasuki. Uzito si mzaha kwenye mbio. Mwaka wa 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally katika nafasi ya 12 akiwa na Subaru Vivio, kagari ka injini ya sisi 660 ambako ungekaona leo sokoni ungedhani ni ka kubebea mboga.

Lakini kama gari lako ni Probox ya kukimbiza miraa kutoka Maua, au unataka tu marafiki wafungue boneti waseme “wee!”, acha betri ilipo. Faida hiyo ndogo huipati barabarani. Na mbio ni za kiwanja au barabara iliyofungwa, si za kona za daraja la Nithi.

Bado unataka? Sawa. Tuanze na kebo, kwa sababu hapo ndipo watu hubana pesa.

Stata ya injini ya petroli ya silinda nne inaweza kuvuta ampea 200 ikianza kuzungusha. Kebo ya shaba ya milimita mraba 16, mita tano, itakula zaidi ya volti moja kabla umeme haujafika mbele. Asubuhi ya baridi ya Julai, na baridi ya Nkubu unaijua, volti hiyo moja ndiyo inayofanya stata ilie “tik” na kunyamaza. Ya milimita mraba 35 inapoteza nusu volti hivi. Ya 50 inapoteza chini ya hapo, ila ni nzito na ngumu kukunja. Mimi ningechukua 35, na 50 kama injini ni kubwa au ya dizeli.

Kebo ya mashine ya welding inafaa sana: nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, inajikunja bila kuvunjika. Lakini kagua kabla ya kulipa, uwe Makutano hapo Meru mjini au Kirinyaga Road kule Nairobi. Siku hizi kuna kebo za alumini zilizopakwa shaba, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kata kipande, chukua uzi mmoja, kwangua kwa kisu. Ndani kukiwa na rangi ya fedha, rudisha. Ya shaba halisi ni nyekundu mpaka moyoni, hata zile zilizopakwa bati juu. Ya alumini hupitisha umeme kidogo zaidi, hupata joto, na huanza kulegea kwenye maungio.

Pitisha kebo ndani ya gari, si chini ya sakafu. Najua chini ni rahisi, lakini barabara zetu za murram zina mawe, na gari la mbio halichagui pa kukanyaga. Mkono wako ukishaijua njia ya bomba la petroli, peleka kebo upande ule mwingine. Ikae mbali na ekzosi. Kila inapopenya chuma, toboa tundu, ondoa makali kwa tupa, kisha vika raba ya kupitishia waya. Raba hiyo ni ya shilingi chache, na ndiyo kitu ambacho utakuta hakipo ukifungua magari mengi yaliyofanyiwa kazi hii. Ongeza bomba la plastiki juu ya kebo nzima, halafu ifunge kwa klipu kila sentimita 30 hivi isicheze. Kebo inayocheza hujisugua, na kwenye rali kila kitu hucheza.

Vichwa vya kebo vibanwe kwa mashine ya kubania, ile ya haidroliki. Si nyundo, wala koleo. Fundi akikosa mashine, mtafute mwenye nayo. Watu wa umeme wa nyumba na sola huwa nazo.

Sasa fyuzi. Weka fyuzi kubwa ya ampea 250 hivi karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye kichwa chanya. Kuna wajuaji watakaokuambia waya wa stata hauwekwi fyuzi kwa sababu kiwanda hakikuweka. Lakini kiwanda kiliweka kebo fupi, wewe umeweka ya mita tano. Usiiweke fyuzi mbele karibu na injini, maana hapo itakuwa inalinda injini huku kebo yote iliyo nyuma yake ikibaki bila mlinzi.

Tukija kwa swichi kuu, tulia kidogo, maana hapa si usalama wako peke yako. Ukipinduka, mtu wa kwanza kufika kwa gari lako ni masho wa mbio au mwanakijiji aliyekuwa anatazama. Petroli inatiririka. Anahitaji kuzima umeme wote kwa mvuto mmoja bila kutafuta. Ndiyo maana kanuni za FIA, ambayo shirikisho letu la KMSF ni mwanachama wake, zinataka swichi inayokata umeme wote na kuzima injini, ifikiwe na dereva akiwa amefunga mikanda, na pia mtu aliye nje. Kwa gari lenye paa, kamba ya nje hukaa chini ya nguzo ya kioo cha mbele. Alama yake ni pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe na mchoro mwekundu wa radi, kitako chake kisipungue sentimita 12.

Na hapa kuna mtego. Ukichukua swichi ya kawaida ya nati mbili, ile ya lori, ukaiweka kwenye waya chanya, ukaizima injini ikiwa inanguruma, mara nyingi injini itaendelea kunguruma! Altaneta inajilisha yenyewe na kulisha koili. Masho amevuta kamba, amedhani umeme umekwisha, na petroli bado inasukumwa na pampu. Nunua ile ya nati sita. Nati mbili kubwa hukata betri, mbili ndogo hukata umeme wa kuwashia injini, na mbili za mwisho humwaga umeme wa altaneta kwenye resista ndogo ya omu 3 usije ukaruka na kuchoma kompyuta ya gari. Ina bei, ndiyo. Kama mfuko haufiki, subiri msimu ujao.

Betri nayo ifungwe kama kitu kinachotaka kutoroka. Gari likisimama ghafla kwa kugonga, kilo 15 zinaweza kusukuma kama kilo 300. Ile mipira ya tyubu tunayofungia mizigo kwa boda haiwezi kazi hiyo. Unahitaji kitako cha chuma, mikanda miwili ya chuma yenye ganda la kuzuia shoti, bolti za milimita 10, na chini ya sakafu, chini ya kila bolti, bamba la chuma la unene wa milimita 3 na upana wa sentimita mraba 20. Bila bamba, bolti hung'oka na kipande cha sakafu. Kichwa chanya kifunikwe, ili jeki au spana iliyorukaruka isikiguse.

Angalia pia buti yako ni ya aina gani. Impreza yenye buti iliyojitenga ina ukuta nyuma ya kiti. Ile ya mlango wa nyuma haina. Buti ni sehemu ya chumba chako. Betri ya maji hutoa haidrojeni ikichajiwa, nayo hulipuka kwa cheche. Na ukipinduka, asidi inakufuata mpaka kitini. Ndani ya chumba weka betri kavu, zinazouzwa kwa jina la AGM. Usidanganywe na zile zisizoongezwa maji: nyingi bado zina asidi ya majimaji ndani, zimefungwa tu kifuniko.

Upande hasi watu husahau. Umeme unaoenda lazima urudi, na kwa upana uleule. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kebo fupi ya unene uleule kwenye bodi hapo buti, kisha mbele funga nyingine kutoka bodi hadi injini. Paka grisi juu ya maungio, maana mvua za huku na kutu ni marafiki. Ukiunganisha, hasi ndiyo ya mwisho. Ukifungua, hasi ndiyo ya kwanza. Na vua pete.

Kabla ya kurudisha kapeti, chukua mita. Weka ncha moja kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye nati ya stata, mwenzako awashe. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna ungio bovu au kebo ni nyembamba. Halafu washa injini, ipandishe mpaka mizunguko 3,000, na umwite mtu ambaye hajawahi kuliona gari hilo avute kamba ya nje. Injini ifariki papo hapo, na pampu ya petroli inyamaze. Ikiendelea hata kwa sekunde tatu, swichi imeungwa vibaya. Rudi kwenye zile nati ndogo.

Baada ya siku ya kwanza ya vumbi, inua kapeti tena na upitishe mkono kwenye kebo yote, kuanzia buti hadi mbele, ukitafuta pale palipopata joto, pale palipochubuka na klipu iliyolegea.