Manowari ambako vita vilimalizwa kwa kalamu

Ikiwa katika ukoo wenu yupo babu aliyepelekwa Burma kupigana na Wajapani, basi kuna meli moja inayokuhusu, hata kama hujawahi kuisikia. Ni manowari USS Missouri, ambayo sasa ni makumbusho. Imefungwa gatini katika bandari ya Pearl Harbor, visiwani Hawaii, Marekani.

Ukibahatika kuizuru, usibebe mkoba. Manowari hii iko katika eneo la jeshi la majini, na wageni hupelekwa huko kwa basi maalum.

Kwanza utashangazwa na ukubwa wake. Kutoka omo hadi tezi ina urefu wa mita 270, yaani viwanja viwili na nusu vya kandanda. Mizinga yake mikubwa ni tisa. Kombora moja la mizinga hiyo liliweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,200, kama gari dogo, na kuruka umbali wa kilomita 37 hivi. Lingefyatuliwa kutoka katikati ya jiji la Nairobi, lingepita Ruiru na kukaribia Thika!

Teremka ndani, lakini shika ngazi vizuri kwa sababu ni za wima. Humu waliishi mabaharia zaidi ya 2,000. Walikuwa na majiko, kinyozi na hata posta yao. Vitanda vimepangwa kimoja juu ya kingine, na hapo utaelewa kwamba mashujaa wa vita walikuwa vijana waliolala kwa kubanana.

Kisha rudi sitahani, uende ubavu wa kulia. Utaonyeshwa mahali chuma kilipobonyea. Aprili 11, 1945, karibu na kisiwa cha Okinawa, rubani wa Kijapani aliyejitoa mhanga aliigonga meli hii kwa ndege yake. Yeye alikufa, lakini hakuna baharia hata mmoja wa Missouri aliyepoteza maisha. Maiti yake ilipopatikana, nahodha William Callaghan aliamuru azikwe kwa heshima za kijeshi. Mabaharia wakamshonea bendera ya nchi yake, na siku iliyofuata wakampigia saluti ya bunduki na kumzika baharini.

Si wote waliofurahia amri hiyo. Jiulize, msomaji: ungekuwa wewe, ungemshonea bendera mtu aliyekuja kukuua?

Kabla ya miezi mitano kupita, Septemba 2, 1945, Missouri ilikuwa imetia nanga katika Ghuba ya Tokyo. Leo bamba la shaba sitahani linaonyesha mahali Japani iliposalimu amri mbele ya Jenerali Douglas MacArthur. Waziri wa Mambo ya Nje wa Japani, Mamoru Shigemitsu, alifika akitembelea mguu wa bandia. Meza ilikuwa ya kulia chakula cha mabaharia, ikafunikwa kitambaa cha kijani. Mwakilishi wa Kanada alikosea mstari wa kutia sahihi kwenye nakala ya Wajapani, kosa likasahihishwa kwa kalamu. Shughuli yote ilichukua dakika 23.

Missouri ilistaafishwa mwaka 1992 na kufunguliwa kwa umma Januari 1999. Omo yake inaelekea mahali ilipozama manowari USS Arizona, Desemba 7, 1941, ambapo watu 1,177 waliangamia. Hapo ndipo Marekani ilipoingizwa vitani. Kwa hiyo mgeni huona mwanzo na mwisho kwa siku moja.

Na babu yako je? Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw, Burma, katika mvua, matope na malaria. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China, ni mmoja wa Wakenya waliopigana Burma. Sitahani mwa Missouri, wazee hao hawakuwa na kiti. Uingereza ndiyo iliyotia sahihi. Lakini kalamu ile iliwamalizia vita na wao pia.

Si lazima upande ndege hadi Hawaii ili uanze kuijua historia hii. Leo jioni, uliza nyumbani ile medali iliyofichwa sandukuni ni ya nani, na aliipata wapi.