Koleo la Kubania Kebo Nene

Kebo ya mashine ya kuchomelea vyuma huishia katika kichwa cha shaba chenye tundu, ambacho hubanwa mpaka kishikamane nayo. Mbano ukiwa hafifu, ukinzani hubaki pale. Mkondo wa ampea 200 ukipita katika ukinzani wa omu 0.001 tu, wati 40 hugeuka joto mahali pasipozidi kidole gumba. Ganda la kebo huyeyuka, na moto waweza kuzuka.

Kazi ya koleo, basi, ni kuzigandamiza nyuzi za shaba hata nafasi za hewa baina yake zitoweke. Kifaa cha kupigwa nyundo ndicho rahisi kuliko vyote, lakini ubora wa mbano wake hutegemea mkono wa fundi. Koleo la mikono mirefu lenye taya za pembe sita hutosha kwa kebo za milimita mraba 16 hadi 50, nalo ndilo lifaalo karakana ndogo. La haidroliki hubana kebo nene zaidi. Ila katika yale ya bei ya chini, namba iliyochongwa kwenye taya pengine hailingani na kebo. Mnunuzi na abane kipande cha majaribio, kisha akikate kwa msumeno. Mapengo yakionekana kati ya nyuzi, taya ni kubwa mno. Shaba ikitokeza mabawa pembeni, ni ndogo mno.