Picha Hii Ilipigwa Wapi?



Katika nyumba zetu nyingi kuna bahasha ya kaki ambayo haifunguliwi mpaka kuwe na matanga. Ndani mna picha ya kijana amesimama mbele ya jumba kubwa, suti imenyooshwa, viatu vinang'aa. Watoto wakiuliza alikuwa wapi, jibu huwa moja: "Ah, hapo ni Nairobi tu."

"Nairobi tu" haitoshi. Katika makala haya tunaeleza namna kikundi kinavyoweza kutambua mahali picha ya zamani ilipopigwa. Kazi hii haihitaji pesa wala elimu kubwa. Inahitaji macho, subira na wazee.

Kwa nini tujisumbue?

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na tangu hapo watu wake wamehamishwa mara nyingi. Kijiji cha Pangani, ambako Waafrika wengi walikuwa wamejijengea nyumba, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wakapelekwa Shauri Moyo na Pumwani. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa mjini, wengine wakatiwa vizuizini, wengine wakarudishwa rizavu. Vitu vyao vingi vilibaki huko na vikapotea.

Kwa hiyo picha moja na karatasi mbili tatu zinaweza kuwa ndizo ushahidi pekee kwamba babu yenu alikuwa na kazi, chumba na marafiki mjini. Mkijua mahali, mtajua na habari zake.

1. Anzeni na karatasi

Kabla ya kuangalia picha, kusanyeni kila karatasi iliyo pamoja nayo: risiti, tikiti, bahasha za barua, cheti cha ubatizo, kipande. Karatasi husema miaka.

Tikiti au barua ya kazi ya reli ikiwa na herufi K.U.R. & H., ni ya kabla ya 1948. Ikiwa E.A.R. & H., ni kati ya 1948 na 1969. Risiti ya rupia ni ya zamani sana, kwa maana rupia ziliondoka na shilingi ikaingia karibu na mwaka 1921. Stempu yenye majina Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja haiwezi kuwa ya kabla ya 1935. Kipande, ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kiliandikwa jina la mwajiri. Mkijua mwajiri, mmekaribia mtaa.

Lakini hebu tuwe waangalifu. Vitu kukaa katika bahasha moja si kusema ni vya siku moja. Tikiti inaweza kuwa ya 1950 na picha ya 1960.

2. Badilisheni majina ya barabara

Vijana wengi hukwama hapa. Wanaona "Government Road" kwenye risiti, wanaitafuta mjini, hawaioni. Barabara ipo, jina ndilo lililobadilika baada ya Uhuru. Hizi ni baadhi:

Delamere Avenue sasa ni Kenyatta Avenue.
Government Road sasa ni Moi Avenue.
Hardinge Street sasa ni Kimathi Street.
Victoria Street sasa ni Tom Mboya Street.
Stewart Street sasa ni Muindi Mbingu Street.
Queensway sasa ni Mama Ngina Street.

Jina pia linaweza kubaki na kitu chenyewe kiondoke. Kariokor ni matamshi yetu ya "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Kambi yao haipo, lakini jina limeishika ardhi ile mpaka leo.

3. Tazameni pembeni mwa picha

Mtu aliyesimama katikati hatuelezi mahali, maana alijipanga ili apigwe picha. Pembeni na nyuma ndiko kwenye habari. Tumieni kioo cha kukuza, au pigeni picha hiyo kwa simu kisha mwikuze. Andikeni kila kitu: nguzo, ngazi, umbo la madirisha, paa, saa ya ukutani, kibao cha duka hata kama ni herufi tatu tu.

Tuchukue mfano. Kijana ameketi karibu na simba wa mawe, nyuma yake kuna nguzo ndefu nyeupe. Hapo ni kwenye ngazi za Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Pembeni mkiona minara na makuba, ni Msikiti wa Jamia, ulio jirani na maktaba na uliokamilika mwaka 1933. Sasa mna vitu viwili vinavyokubaliana. Tafuteni cha tatu. Namba ya gari, kwa mfano: ikiwa na herufi mwishoni baada ya tarakimu, kama ilivyo leo, picha si ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1980.

4. Kilichopo kina nguvu kuliko kisichopo

Jumba la mikutano la KICC lilikamilika mwaka 1973. Likionekana pichani, basi picha si ya kabla ya ujenzi wake. Lakini lisipoonekana, msikimbilie kusema ni ya zamani zaidi. Labda mpiga picha alilipa mgongo.

Kuna mitego mingine miwili. Wa kwanza ni studio. Nyuma ya kijana pengine si mji bali ni pazia lililochorwa majumba au ndege, na yeye alikuwa Machakos au Nakuru! Geuzeni picha mtafute mhuri wa studio. Wa pili ni picha iliyosafishwa kinyume. Herufi za kibao zikisomeka nyuma-mbele, au magari yakipita upande wa kulia, kushoto kumekuwa kulia.

5. Mwulizeni mzee bila kumwekea maneno mdomoni

Ukimwambia mzee, "Hapa ni River Road, sivyo?" ataitikia kwa heshima tu, nawe utaondoka na jibu lako mwenyewe. Mwulize hivi: "Mzee, mkishuka gari mlikuwa mkipita wapi? Chai mlikunywa wapi? Nani hakuruhusiwa kupita hapa?" Kisha mnyamaze, mwacheni aongee. Mwulizeni nyanya wa pili peke yake, bila ya yule wa kwanza kuwapo. Wakikubaliana, vizuri. Wasipokubaliana, andikeni maneno ya wote wawili.

Msingoje. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa Operesheni Anvil leo amepita tisini. Majengo mengine bado yamesimama, lakini watu wanaoyajua wanaondoka kila mwaka.

6. Andikeni na mtunze

Nyuma ya picha andikeni polepole kwa penseli, kamwe si kwa kalamu ya wino. Wekeni jina, mahali, miaka na aliyewaambia. Mahali mnapodhani tu, andikeni "labda". Asiwepo wa kuondoka na picha ya asili, mpeni nakala. Kikundi kikipata nauli, watumeni wawili Makumbusho ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, ambako picha na karatasi za zamani zimehifadhiwa.

Maswali ya kujadili kikundini

Ni nani kwetu aliyefanya kazi mjini kabla ya Uhuru, na nani bado anamkumbuka?
Ni karatasi gani tulizo nazo ambazo tulikuwa karibu kuzichoma?
Hata soko letu hapa limebadilika. Ni nani ana picha yake ya zamani, na nani ataiandika wiki hii?