Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Mwishoni mwa Novemba nilikuwa Karatu. Nyuma ya trekta lililokuwa likilima nilihesabu korongo weupe 30, wakidonoa udongo uliopinduliwa.

Ndege hawa huzaliana Ulaya. Baridi inapokaribia huja kwetu wakipaa kwa hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Baharini hewa hiyo ni haba, hivyo wengi huizunguka Mediterania kwa kupitia Uturuki na Israeli, kisha huufuata mto Nile.

Kijana mmoja aliokota jiwe. Nikamzuia. Korongo hula panzi na viwavijeshi, maadui wa mahindi yetu. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekuja nalo mdomoni. Tusimpige mawe.