Je, Wajua? Joto Likimwagika Halizoleki

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Katika karne ya 19, wanasayansi wa Ulaya waliokuwa wakichunguza injini za mvuke walifikia kauli ya aina hiyo hiyo kuhusu joto. Elimu yao inaitwa themodinamiki, na maabara yake iliyo karibu nawe kuliko zote ni jiko lako.

Je, wajua kwamba baridi haiingii mwilini? Ukishika chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, hakuna baridi inayopenya kiganjani. Joto la kiganja ndilo linalohamia kwenye chupa. Joto likiachwa lenyewe hutoka penye moto kwenda penye baridi, mpaka pande mbili zilingane.

Je, wajua kwamba kijiko cha chuma na mwiko wa mbao vilivyolala kabati moja vina halijoto ile ile? Chuma huonekana cha baridi kwa sababu hunyonya joto la vidole haraka. Mbao hulipitisha polepole, ndiyo maana unaweza kusonga ugali hadi uive bila mwiko kukuunguza mkono.

Je, wajua kwamba blanketi halina joto lake? Mtu aliyetulia hutoa joto la takriban wati 100, sawa na balbu kubwa ya zamani. Blanketi hulizuia tu lisitoroke. Ukifunga bonge la barafu kwa blanketi hilo hilo, barafu itakawia kuyeyuka.

Je, wajua kwamba kuacha mlango wa friji wazi huongeza joto jikoni? Friji haitengenezi baridi. Huchota joto la ndani na kulitupa nje kupitia mabomba ya nyuma, na umeme unaoendesha kazi hiyo nao huishia kuwa joto. Weka mkono nyuma ya friji inayonguruma utalisikia.

Je, wajua siri ya mtungi kupoza maji? Maji hupenya polepole kwenye vitundu vidogo vya udongo hadi nje, na hapo hugeuka mvuke. Kugeuka mvuke kunahitaji joto jingi, na joto hilo huchotwa kwenye mtungi wenyewe. Gramu moja tu ya maji ikiondoka hivyo huweza kupoza gramu 100 zilizobaki kwa karibu nyuzi 6. Kwa hiyo mtungi hufanya kazi vizuri zaidi Dodoma, penye hewa kavu, kuliko Tanga au Unguja, ambako hewa imeshajaa unyevu. Jasho nalo hukupoza kwa njia hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba maji yakishachemka, kuongeza mkaa hakuyafanyi yawe ya moto zaidi? Kuipasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji takriban kilojuli 314. Kuigeuza yote iwe mvuke kunahitaji kilojuli 2,257 nyingine, zaidi ya mara saba. Moto wa ziada hutoroka na mvuke huku maji yakibaki kwenye nyuzi zile zile. Mvuke ukigusa ngozi hurudisha joto hilo lote kwa mkupuo, ndiyo sababu unaunguza vibaya kuliko maji yanayochemka.

Je, wajua kwamba maharage hukawia kuiva Nairobi kuliko Mombasa? Penye mwinuko, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huchemka mapema, yakiwa na joto dogo zaidi. Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, Nairobi karibu 94, na kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, karibu 80 tu. Sufuria ya presha hufanya kinyume: hufungia mvuke ndani hadi maji yafikie takriban nyuzi 120. Mfaransa Denis Papin aliionyesha ya kwanza mwaka 1679.

Je, wajua kwamba moja ya mafumbo ya joto duniani limepewa jina la Mtanzania? Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba. Siku moja, wakitengeneza aiskrimu, alihofia kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza maziwa yake yangali ya moto. Aliporudi, ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyeweka ya baridi, bado. Aliuliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Akiwa Shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne alirudi akalijaribu jambo lile, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanafizikia wanabishana ni lini hasa jambo hilo hutokea na kwa nini, na wote huliita athari ya Mpemba.

Je, wajua entropi ni nini? Chukua karata 52 zilizopangwa kwa mfuatano, kisha zichanganye. Namna zinavyoweza kupangika ni namba yenye tarakimu 68, na mpangilio wa mwanzo ni mmoja tu kati ya hizo. Hakuna kinachozikataza kuurudia. Ila njia za kuvurugika ni nyingi mno. Sasa fikiria kijiko kimoja cha chai: idadi ya molekuli za maji ndani yake ina tarakimu 24. Ndiyo maana sukari huyeyuka ikaenea, wala huioni ikijikusanya tena. Entropi ni kipimo cha wingi huo wa namna. Jina lilitungwa na Mjerumani Rudolf Clausius mwaka 1865, na kanuni ya entropi imechongwa juu ya kaburi la mwanafizikia Ludwig Boltzmann mjini Vienna.

Je, wajua kwamba mtoto anayekua havunji sheria kwamba vurugu, yaani entropi, kwa jumla haipungui? Mwili hujenga mpangilio ndani yake kwa kula chakula na kutoa joto nje. Ukijumlisha mwili na mazingira yake, vurugu imeongezeka.

Je, wajua kwamba kuna mwisho wa baridi? Ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri. Unaweza kuukaribia, lakini huwezi kuufikia.

Je, wajua kwamba joto la chai iliyopoa halijapotea? Joto lote lipo, limeenea kwenye meza, ukuta na hewa ya chumba. Sheria ya kwanza ya themodinamiki inasema nishati haipotei. Ya pili inasema joto lililotawanyika halirudi kikombeni lenyewe. Ukitaka kuipasha tena utahitaji mkaa mwingine, na mkaa huo ni mti uliokusanya jua miaka mingi, jani kwa jani. Kwa hiyo funika sufuria. Maharage yakishachemka, punguza moto. Chai ikiiva, imimine kwenye chupa ya chai ingali ya moto.